Nani Kamwambia Google? Historia fupi ya zana tunazotumia kila siku

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani likizo, nikamkuta shangazi ana tatizo la kuku. Wawili walikuwa wamekufa asubuhi. Wengine watatu walikuwa wamesimama chini ya mwembe wanasinzia, mmoja shingo imepinda, wanaharisha kijani. Binamu yangu wa darasa la sita akachukua simu ya mama yake akaandika hivyo hivyo walivyokuwa wanaongea: "kuku wanasinzia wanaharisha kijani". Hata hajamaliza kuandika, kisanduku cha Google kikaanza kumpendekezea maneno. Jibu la tatu lilikuwa ukurasa wa bwana mifugo mmoja aliyeeleza kwa Kiswahili kizuri kabisa kuhusu mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita kideri: kwamba hauna dawa, kwamba kinga yake ni chanjo ya matone ya jichoni, na kwamba walioanza kuugua watengwe haraka.

Shangazi akasoma, akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye "msomi" wa familia. "Sasa huyo Google, nani kamwambia?"

Nikaanza kumjibu kirahisi, nikakwama. Nasoma takwimu, shahada ya uzamili, na kila siku ya Mungu natumia zana za kampuni hiyo: kutafuta makala, kutuma kazi kwa msimamizi wangu, kutafsiri, kutafuta njia. Lakini nani kamwambia? Swali lile nimekaa nalo miezi kadhaa. Jibu fupi ni kwamba sisi ndio tuliomwambia. Jibu refu ni historia, na ndiyo hii.

Enzi za kuorodhesha kwa mkono

Kutafuta vitu kwenye mtandao hakukuanza na Google. Mwaka 1990, Alan Emtage, kijana kutoka Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, alitengeneza programu iliyoitwa Archie. Wakati huo hata tovuti tunazozijua leo hazikuwepo. Archie ilikuwa ikikusanya majina ya mafaili yaliyowekwa kwenye kompyuta za umma ili mtu aweze kujua faili fulani liko wapi. Ilijua jina la faili tu. Ndani kuna nini, haikujua.

Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha orodha ya tovuti iliyokuja kuitwa Yahoo. Hii ilikuwa kama maktaba: watu wanakaa, wanatazama tovuti, wanaipangia fungu lake. Kazi safi, lakini mtandao ulikuwa unakua haraka kuliko mikono ya wakutubi. Mwishoni mwa 1995 ikaja AltaVista, ya kampuni ya Digital Equipment. Yenyewe ilikuwa na programu inayopita ukurasa hadi ukurasa ikifuata viungo, inasoma maneno yote, inayaweka kwenye faharasa. Ukiandika neno, unaletewa kurasa zenye neno hilo.

Tatizo likageuka. Zamani ilikuwa shida kupata ukurasa hata mmoja. Sasa unaletewa kurasa elfu kumi na hujui uanze na upi. Tena wajanja waligundua haraka kwamba ukirudia neno fulani mara mia mbili kwenye ukurasa wako, hata kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe, unapanda juu. Mashine ilikuwa inahesabu maneno, na maneno ni rahisi kuyadanganya.

Wanafunzi wawili na hesabu ya kunukuu

Kama unaandika tasnifu sasa hivi, sehemu hii itakugusa. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa uzamivu pale pale Stanford. Walikutana mwaka 1995. Mwaka uliofuata walikuwa na mradi ulioitwa BackRub, na swali lake lilikuwa dogo tu: tukiutazama ukurasa, je, tunaweza kujua ni kurasa zipi nyingine zinazouelekezea viungo?

Wazo halikutoka hewani. Wanataaluma walikuwa wakihesabu nukuu tangu zamani. Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa yake ya nukuu za sayansi mwaka 1964, ili mtafiti aweze kuona makala fulani imetajwa na nani. Makala inayotajwa na wengi huenda ina uzito. Page na Brin wakasema: kiungo nacho ni aina ya nukuu. Mtu akiweka kiungo kwenda kwenye ukurasa wako, kakutaja.

Ila kuhesabu tu idadi hakutoshi, kwa sababu mjanja anaweza kutengeneza kurasa mia za uongo zikamtaja. Hapo ndipo utamu wa hesabu yao ulipo. Kila ukurasa unagawa alama zake sawasawa kwa kurasa unazozitaja. Kwa hiyo kutajwa na mwenye alama nyingi kuna faida kuliko kutajwa na asiyejulikana.

Tujaribu kwa mfano mdogo. Chukua kurasa tatu: wa Asha, wa Bakari na wa Chiku. Asha anamtaja Bakari na Chiku. Bakari anamtaja Chiku peke yake. Chiku anamtaja Asha peke yake. Sasa waachie watu 100 watembee kwenye kurasa hizi, kila mara wakifuata kiungo bila kuchagua. Baada ya mizunguko mingi hesabu inatulia hivi: watu 40 kwa Asha, 20 kwa Bakari, 40 kwa Chiku. Hakikisha mwenyewe. Wale 40 wa Asha wanagawanyika, 20 kwa Bakari na 20 kwa Chiku. Wale 20 wa Bakari wote wanaenda kwa Chiku, jumla 40. Wale 40 wa Chiku wanarudi kwa Asha. Umerudi pale pale.

Angalia kitu kimoja. Asha katajwa na mtu mmoja tu, sawa na Bakari. Lakini Asha ana alama mara mbili ya Bakari, kwa sababu aliyemtaja ni Chiku, na Chiku hamtaji mwingine. Kijijini tunalijua hili bila hesabu: fundi anayesifiwa na fundi mkuu ana uzito kuliko anayesifiwa na mpita njia. Kwenye kanuni halisi waliongeza kwamba mtembeaji huchoka: kwa uwezekano wa asilimia 15 hivi anaacha kufuata viungo na kuruka kwenye ukurasa wowote. Bila hivyo watembeaji wangenasa kwenye vikundi vya kurasa zinazotajana zenyewe kwa zenyewe.

Kanuni hiyo ikaitwa PageRank. Jina la google.com lilisajiliwa Septemba 1997. Mwaka 1998 wakachapisha makala ya kitaaluma iliyoeleza mfumo wao, ukiwa na kurasa zipatazo milioni 24, na Septemba mwaka huo huo wakaandikisha kampuni. Ofisi ya mwanzo ilikuwa gereji ya Susan Wojcicki, Menlo Park. Uzamivu wao hawakuumaliza. (Tafadhali usimwonyeshe msimamizi wako aya hii.)

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa shangazi ni hili: Google hakuambiwa na bwana mifugo peke yake. Aliambiwa pia na watu wote walioona ukurasa ule unafaa wakaweka kiungo. Kila kiungo kiliwekwa na mtu, kwa hiari, bila kujua kwamba anapiga kura.

Katika makala ile ya 1998 kuna kiambatisho ambacho napenda kuwasomea wenzangu ofisini. Waandishi walionya kwamba mtambo wa kutafuta unaolipwa na matangazo utaelemea upande wa watangazaji na kuwasahau watumiaji. Oktoba 2000 kampuni yao ikaanza kuuza matangazo kwa jina la AdWords, na matangazo ndiyo yaliyoilisha tangu hapo. Siwacheki. Seva zinakula umeme na umeme unalipiwa. Nasema tu kwamba onyo lilitoka kwao wenyewe, na linafaa kukumbukwa kila unapoona tangazo juu ya jibu la kwanza.

Makosa yetu nayo ni mtaji

Turudi kwa binamu. Alipoandika mara ya pili, haraka haraka, aliandika "chajo ya kuku". Simu ikamwelewa: chanjo ya kuku. Imejuaje?

Sehemu moja ya jibu ni hesabu ya zamani. Mwaka 1965 mwanahisabati wa Kirusi Vladimir Levenshtein alipendekeza namna ya kupima umbali kati ya maneno mawili: hesabu ni mara ngapi lazima uongeze, ufute au ubadilishe herufi moja ili kutoka neno hili kwenda lile. Kutoka "chajo" kwenda "chanjo" ni hatua moja, kuongeza n. Lakini kutoka "chajo" kwenda "chako" pia ni hatua moja. Na "chaji" je? Hatua moja. Umbali peke yake hautoi uamuzi.

Sehemu ya pili ni sisi. Mamilioni ya watu wanaandika, wanakosea, wanajisahihisha wenyewe sekunde chache baadaye. Rekodi zile zote zinabaki. Mashine ikiona watu wengi wanaoandika "chajo ya kuku" wanafuta na kuandika "chanjo ya kuku", haihitaji kamusi. Kampuni iliwahi kuweka hadharani orodha ya namna watu walivyoandika jina la mwanamuziki Britney Spears. Zilikuwa mamia ya namna, na zote zilielekezwa kwenye jina moja. Makosa ya watu wengi yakawa mwalimu.

Mapendekezo yanayotokea kabla hujamaliza kuandika yana historia kama hiyo. Yalianza kama jaribio la mhandisi Kevin Gibbs, aliyelifanyia kazi katika ile sehemu ya muda ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kufanya mambo yao. Lilitangazwa Desemba 2004. Mapendekezo hayo ni maswali ya waliokutangulia.

Sasa fikiria lugha yetu. Kiingereza kina neno la kuchanja lenye sura nne tu. Sisi tunasema wachanjwe, nimewachanja, hawajachanjwa, atakayewachanja, tulipokuwa tukiwachanja, na kuendelea. Kitenzi kimoja kinazaa maumbo maelfu. Kwa mashine inayojifunza kwa kuhesabu kurudiwarudiwa kwa maneno, hii ni shida kweli. Kila umbo linaonekana mara chache, na kile kinachoonekana mara chache hakiaminiki. Kwa hiyo lugha yenye viambishi vingi inahitaji maandishi mengi zaidi ili ieleweke kwa kiwango kile kile. Sisi tunayo machache zaidi. Shika hilo, tutalirudia.

Barua, ramani, na kazi ya kujitolea

Gmail nitaipita haraka. Ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, na kwa kuwa ni siku ya wajinga duniani watu wakadhani ni utani: nafasi ya gigabaiti 1 bure, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Haikuwa utani. Ila programu ilikuwa inasoma maneno ya barua ili kuchagua matangazo, jambo lililozua mjadala mkubwa, na kampuni ilitangaza kuliacha mwaka 2017 tu. Miaka kumi na mitatu. Wengi wetu tulijiunga katikati ya miaka hiyo na hatukuwahi kuuliza.

Ramani ndizo zenye mengi kwetu. Google Maps ilizinduliwa Februari 2005, ikitokana na kampuni ndogo ya Sydney ya ndugu wawili, Lars na Jens Rasmussen, na wenzao. Marekani na Ulaya kulikuwa na ramani za kununua. Huku kwetu miji mingi ilionekana kama kiwanja kitupu chenye barabara kuu moja. Kwa hiyo mwaka 2008 kampuni ikaleta Map Maker: wewe mwenyewe unaingia, unatazama picha ya setilaiti, unachora barabara ya mtaani kwenu, unaandika jina la shule, zahanati, msikiti. Watu wa nchi ambazo hazikuwa na ramani nzuri walichora sana, usiku na mchana, bila malipo. Map Maker ikafungwa Machi 2017. Barabara zilizochorwa zilibaki ndani ya ramani ya kampuni, chini ya masharti ya kampuni.

Linganisha na njia nyingine. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora eneo lao katika mradi wa Map Kibera. Kibera ilikuwa na watu wengi mno lakini kwenye ramani za umma ilikuwa kama haipo. Wao waliweka kazi yao OpenStreetMap, ramani ambayo data yake mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Mwaka 2015 Dar es Salaam ikapata Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika, kama Tandale, wakipita mtaa kwa mtaa kuuliza: mifereji iko wapi, maji yalifika wapi mara ya mwisho? Data ile ilikuwa wazi kwa wanaopanga kukabili mafuriko.

Kazi ni moja, ya kuchora mtaa wako. Tofauti ni nani anashika karatasi ukishamaliza.

Na si kila mara waliokusanya waliombwa. Januari 2012 kampuni ya Mocality ya Kenya, iliyokuwa na orodha ya biashara iliyokusanywa na watu waliopita duka kwa duka, ilieleza hadharani jinsi ilivyotega mtego. Ilibadilisha namba za simu kwenye baadhi ya kurasa ili wapigaji wafike kwa watu wake, ikanasa mawakala waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya Google wakiwapigia wateja wake. Google iliomba radhi. Ni kisa kifupi, lakini kinaonyesha kwamba hata wenye mashine kubwa walihitaji kile kitabu cha mtu aliyetembea kwa miguu Nairobi.

Mafua, na kiburi cha data

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo fani yangu ilipo.

Mwaka 2008 kampuni ilizindua Google Flu Trends, na Februari 2009 jarida la Nature likachapisha makala yake. Wazo lilikuwa zuri. Mtu akianza kuumwa mafua makali, kabla hajaenda hospitali anatafuta mtandaoni. Takwimu za kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, zilikuwa zinachelewa wiki moja hadi mbili. Je, tukihesabu maswali ya watu, tutajua leo kinachoendelea leo?

Walichukua maneno ya kutafutia yapatayo milioni 50, wakalilinganisha kila moja na takwimu za CDC za miaka iliyopita, wakachagua 45 yaliyofuatana nazo vizuri. Mtu wa takwimu akisikia hivyo anakuna kichwa. Ukiwa na wagombea milioni 50 na majira machache tu ya mafua ya kulinganisha, wapo watakaofanana kwa bahati. Miongoni mwa maneno yaliyofanana yalikuwepo ya mpira wa kikapu wa shule za sekondari, kwa sababu msimu wa mchezo huo Marekani ni majira ya baridi, na mafua nayo ni ya baridi. Hilo waliliona wakaliondoa. Lakini je, yale yasiyoonekana?

Mwanzoni ilifanya vizuri. Baadaye ikakosa wimbi la kwanza la mafua ya H1N1 ya mwaka 2009, kwa kuwa hayakuja majira ya baridi. Msimu wa 2012 hadi 2013 ikakisia wagonjwa zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa. Mwaka 2014 David Lazer na wenzake wakaandika katika jarida la Science kwamba kuanzia Agosti 2011 ilikisia juu kupita kiasi katika wiki 100 kati ya 108. Mwaka 2015 ikaacha kutoa makadirio.

Sababu moja waliyoitaja inahusu kile kisanduku cha binamu. Mashine ilikuwa inabadilika yenyewe. Inapokupendekezea maneno, inabadilisha unachotafuta. Ukitafuta "homa" ikakupendekezea "dalili za mafua", ukabonyeza, tayari umehesabiwa. Ni kama kupima maji ya ndoo huku mwingine anaongeza maji kwa nyuma. Kwa hiyo jibu la "nani kamwambia" lina kona: wakati mwingine anachosikia kutoka kwetu ni mwangwi wa alichotuambia yeye.

Somo lake si kwamba data ya watu haifai. Watafiti wale wale walionyesha kwamba ukichanganya makadirio hayo na takwimu za CDC, hata zikiwa zimechelewa, unapata kitu bora kuliko kimoja peke yake. Yule nesi anayejaza daftari zahanati bado anahitajika.

Kiswahili kinaingia sandukuni

Zana ya kutafsiri ilizinduliwa Aprili 2006 kwa Kiarabu na Kiingereza. Mbinu yake ilikuwa ya takwimu, mbinu ambayo watafiti wa IBM waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kumbukumbu za bunge la Kanada, zinazoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Haufundishi mashine sarufi. Unaipa maandishi yale yale katika lugha mbili, mengi sana, inahesabu ni neno gani linajitokeza pamoja na neno gani. Nyaraka za Umoja wa Mataifa zilikuwa hazina kubwa kwa kazi hiyo, kwa sababu zinatolewa katika lugha sita rasmi.

Kiswahili hakimo kati ya hizo sita. Lugha ya mamilioni ya watu, lakini lundo la nyaraka zilizotafsiriwa sentensi kwa sentensi halikuwepo. Ndiyo maana kiliingia kwenye zana ile mwaka 2009, miaka mitatu baada ya kuanza, pamoja na lugha kama Kiwelisi, Kiyidi na Kiafrikaans.

Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwa kompyuta na simu. Makala mamia yaliongezeka ndani ya miezi michache. Kampuni haikuwa inatoa sadaka tu. Mtambo wa kutafuta hauna maana kama hakuna cha kutafutwa, na wa kutafsiri hauli bila maandishi. Lakini faida ilikuwa yetu pia: makala yale yako wazi kwa wote.

Jirani zetu Uganda walipata kitu cha aina nyingine mwaka huo huo 2009: huduma za ujumbe mfupi, zilizofanywa na Google pamoja na Grameen Foundation na MTN, ambapo mkulima mwenye simu ya kawaida aliuliza kuhusu mazao au zahanati kwa meseji na kujibiwa kwa meseji. Shangazi angeipenda sana.

Kuanzia mwishoni mwa 2016 mbinu ya kutafsiri ilibadilika, ikaja mitandao ya neva bandia inayosoma sentensi nzima. Ufasaha ukapanda. Lakini mazoea ya maandishi yaliyofundishia yalibaki ndani. Sisi tunasema "yeye ni daktari", "yeye ni muuguzi", hatujali kama ni mume au mke. Kiingereza lazima kichague, na mashine iliyofundishwa na maandishi ya watu ilimfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke. Waturuki, ambao kiwakilishi chao kama chetu hakina jinsia, walilalamika, na Desemba 2018 kampuni ikatangaza kuonyesha majibu yote mawili kwa sentensi za Kituruki kama hizo. Tena hapo: mashine haikujitungia. Iliambiwa.

Zinazofungwa

Mwaka 2005 kulikuwa na Google Reader, mahali pa kusomea tovuti zako zote kwa pamoja. Ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na waliokuwa wakiitegemea, wakiwemo wanablogu na watafiti wengi, wakapewa takriban miezi mitatu na nusu wahame. Map Maker, Flu Trends, Reader: zote zilikuwa bure, zote zilifungwa na wenye nazo, kama ilivyo haki yao. Sisi tuliozilisha hatukuwa na kura.

Ndiyo maana nasema kuna jambo la kweli hapa. Hakuna sababu ya kuziogopa zana hizi, tusome, tuzitumie. Lakini tujue kwamba zinajua kile tu ambacho mtu fulani aliandika, aliunga, alichora au alisahihisha. Kwa Kiingereza, akiondoka mmoja wapo elfu. Kwa Kiswahili, jibu la swali zima linaweza kuwa limesimama juu ya mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilitaka kuutumia ukurasa ule wa bwana mifugo kwenye makala hii. Nikaandika maneno yale yale ya binamu. Haupo. Tovuti yake imeisha muda, labda hakulipia tena. Majibu yaliyokuja yalikuwa ya kuku wa kisasa wa mayai, na mengine ya kuuza dawa za kutibu mdondo, ugonjwa usio na dawa.

Nikampigia shangazi. Shikamoo, marahaba, kuku wazima? Walibaki saba, akawachanja, sasa wameongezeka. Nikamwambia ukurasa umepotea. Akacheka. "Mbona binamu yako aliunakili kwenye daftari?"

Amenipigia picha kurasa mbili za daftari hilo, za mwandiko wa darasa la sita. Nimeenda nazo kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yetu, kapitia, kasahihisha kipimo kimoja, kaongeza ratiba ya kurudia chanjo kila baada ya miezi mitatu au minne. Wiki ijayo tutaichapisha hapa kwa jina lake, na nakala nyingine tutaiweka Wikipedia ya Kiswahili. Shangazi akiuliza tena nani kamwambia Google, safari hii nitakuwa na jina la kumtajia.